Tukitembelea Shamba la Zamani la Mkonge

Sasa unajua kusoma. Unasoma barua, risiti na kadi ya kliniki ya mtoto. Katika somo hili utaona kwamba kusoma kunaweza pia kuokoa mguu wako, jicho lako au maisha ya mwenzako.

Somo letu ni la ziara. Vikundi vingi vya kisomo hupenda kwenda kuona mahali pa historia. Jambo hilo ni zuri. Mtu akisoma habari kitabuni, kisha akaona mahali penyewe kwa macho yake, hasahau upesi.

Mahali pamoja panapopendwa ni mashamba ya zamani ya mkonge. Mashamba hayo yako mkoani Tanga, katika wilaya za Pangani, Muheza na Korogwe. Yako pia katika mikoa ya Morogoro na Lindi. Kwa ndugu zetu wa Kenya yako Vipingo na Taita-Taveta. Mengine yanafanya kazi hadi leo. Mengine yameachwa yakawa pori. Mengine nusu ni shamba na nusu ni pori.

Tuanze na historia. Hatari za mahali hutokana na kazi iliyofanyika mahali hapo. Ukiijua kazi, utaijua na hatari.

1. MKONGE ULIVYOFIKA KWETU

Mkonge si mmea wa asili wa Afrika. Asili yake ni nchi ya Mexico. Huko kuna bandari moja iitwayo Sisal. Wazungu waliuita mmea huu kwa jina la bandari hiyo.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu. Miche ilipitia Ujerumani, kisha ikaletwa kwa meli hadi Tanga. Miche mingi ilikufa njiani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 mashamba makubwa yakaenea.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ilitawaliwa na Waingereza. Mashamba yakaongezeka. Mkonge ukawa zao kubwa la kuuza nchi za nje. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Katani ni nyuzi zinazotoka katika jani la mkonge. Hutengenezwa kamba, magunia na mazulia.

Nani walifanya kazi hiyo? Walikuwa wazee wetu. Wengi walitoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hata Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kutafuta vibarua. Ofisi hiyo iliitwa SILABU. Kila kibarua alipewa namba yake. Ndiyo sababu vibarua hao waliitwa manamba.

Kazi ilikuwa nzito. Mkataji alikata jani moja moja kwa kisu. Alifunga majani 30 kuwa tita moja. Matita yalipakiwa katika vitoroli vilivyopita juu ya reli ndogo. Yalipelekwa kwenye mashine kubwa ya kusaga majani na kutoa nyuzi. Wafanyakazi huiita mashine hiyo korona. Katika kilo 100 za majani, katani ilikuwa kama kilo 4 tu. Kilichobaki kilikuwa maji na taka. Maji hayo na taka hizo zilipelekwa kwenye mifereji na mashimo. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Baadaye kamba za nailoni zilienea duniani. Bei ya katani ikaanguka. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha mashamba mengi. Uzalishaji uliendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Mashamba mengi yalifungwa. Katika miaka ya 1990 mashamba ya umma yaliuzwa kwa watu na makampuni.

Shamba likifungwa, watu huondoka. Mashine hunyamaza. Lakini mashimo hayafukiwi. Nyasi huota juu yake.

2. KIBAO KILICHOANGUKA

Sasa nitakueleza kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Ni kisa cha uzembe wangu.

Niliongoza kikundi cha kisomo kwenda kutembelea shamba moja lililoachwa. Tulikuwa watu 24, pamoja na watoto wawili. Tulishuka kwenye basi tukaingia shambani. Sikutafuta mwenyeji. Nilidhani mahali palipoachwa hapana mwenyewe.

Nilitangulia mbele. Nilikuwa ninaeleza historia huku nimewageukia wanakisomo. Kwa hiyo nilikuwa ninatembea kinyumenyume. Nilijua miaka yote ya historia. Sikujua ninapoweka mguu.

Nyuma kidogo alikuwako mama mmoja, amemshika mtoto wake mkono. Alikuwa amejua kusoma mwaka uliotangulia. Alikuwa na desturi ya kusoma kila andiko alilokutana nalo: magunia ya sukari, mabasi, kuta za maduka. Wenzake walimcheka kwa desturi hiyo.

Mama huyo aliona kibao cha bati kimelala chini ya nyasi. Aliinama. Alifuta udongo kwa ncha ya khanga. Herufi ya kwanza ilikuwa imeliwa na kutu. Akaanza kusoma polepole:

"A-TA-RI... Hapana. HA-TA-RI. SHI..."

Hakumaliza. Alipaza sauti: "Mwalimu, simama hapo hapo!"

Nilisimama. Hatua mbili nyuma yangu palikuwa na nyasi za kijani tu, nzuri kwa macho. Kijana mmoja aliokota jiwe akalitupa hapo. Hatukusikia jiwe likigonga ardhi. Tulingoja kidogo. Kisha tukasikia: chubwi!

Hakuna aliyesema neno. Mtoto wa yule mama ndiye aliyeuliza: "Mama, jiwe limekwenda wapi?"

Sauti zetu zilimfikia mzee mmoja aliyekuwa analima jirani. Alikuja akiwa na jembe begani.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Mmeingia kwa idhini ya nani?"

Sikuwa na jibu.

Mzee akasema: "Mimi nimekata mkonge hapa tangu ujana wangu. Hilo ni shimo la maji ya korona. Ng'ombe wawili wamefia humo. Sisi wa hapa hatupiti upande huu. Ninyi hamkuuliza."

"Tumekosa, mzee," nilisema. "Tafadhali tuongoze wewe."

"Nitawaongoza. Lakini kwanza wewe rudi huku mbele, ugeuke, utazame njia."

Wanakisomo walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini magoti yalikuwa yanatetemeka. Siku hiyo nzima mzee alitangulia, nami nilifuata kama mwanafunzi. Mambo mengi ya somo hili ni yale aliyotufundisha. Yale ya huduma ya kwanza nimejifunza kwa waganga wa zahanati.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Nasi tuone tahadhari zenyewe.

3. KABLA YA SAFARI

Fanyeni mambo haya kabla ya siku ya ziara:

(a) Ombeni ruhusa. Kila shamba lina mwenyewe, hata kama limeota pori. Mwulizeni mwenyekiti wa kijiji au meneja wa shamba.

(b) Tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza. Anayefaa zaidi ni mtu aliyefanya kazi katika shamba hilo. Yeye anajua visima, mashimo na mifereji. Mpeni heshima yake, na mlipeni kwa muda wake.

(c) Vaeni viatu vilivyofunika mguu wote. Buti ni bora. Kandambili hazifai. Vaeni suruali ndefu, au gauni lisiloburuta.

(d) Chukueni maji safi ya kunywa, sabuni, vitambaa safi, kamba ndefu na nguvu, na fimbo.

(e) Jueni zahanati au hospitali ya karibu iko wapi, na mtafikaje huko. Andikeni namba za simu kwenye karatasi. Tanzania, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

(f) Andikeni majina ya watu wote wanaokwenda. Hesabuni watu mkiondoka, mkifika, na mkitaka kurudi. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja wa kumshika mkono.

4. MWIBA NA UTOMVU

Jani la mkonge lina urefu wa mita moja au zaidi. Ncha yake ni mwiba mgumu kama msumari. Mtu mzima akisimama, mwiba humfikia tumboni au kifuani. Mtoto humfikia machoni. Kwa hiyo mtoto asikimbie kati ya mistari ya mkonge, na mtu mzima asiiname bila kutazama mbele yake.

Mwiba ukikuchoma mguuni au mkononi, osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Kisha nenda zahanati. Jeraha dogo lenye tundu refu linaweza kuleta pepopunda. Mweleze mganga umechomwa na nini, naye ataona kama unahitaji sindano.

Mwiba ukiingia jichoni, usiung'oe. Usisugue jicho. Usitie dawa ya majani wala maziwa. Funika jicho bila kulibana, uende hospitali upesi.

Utomvu wa mkonge huwasha ngozi. Osha kwa maji mengi na sabuni. Ukiruka jichoni, mimina maji safi juu ya jicho kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati.

5. MASHIMO NA VISIMA

Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu haionekani. Shamba la mkonge lilihitaji maji mengi. Kwa hiyo utakuta visima, matangi yaliyochimbiwa chini, mifereji, na mashimo ya taka za korona.

Mzee yule alitufundisha kusoma ardhi kama tunavyosoma kitabu:

Ukiona nyasi za kijani kibichi wakati wa kiangazi, huku kwingine kumekauka, jua kwamba chini pana maji. Usikanyage.

Ukiona mwembe wa zamani na msingi wa nyumba, jua kwamba watu waliishi hapo. Kisima chao hakiko mbali.

Ukikuta sakafu ya saruji katikati ya pori, usipande juu yake. Huenda ni mfuniko wa tangi, na chuma kilichomo ndani kimeliwa na kutu.

Gonga ardhi kwa fimbo mbele yako. Ukisikia sauti kama ya mtungi mtupu, rudi ulikotoka, kwa njia ile ile.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Taka za mkonge zikioza hutoa gesi. Huko Hale, mkoani Tanga, gesi hiyo imetumika kuendesha mtambo wa umeme. Ndani ya mtambo gesi ni mali. Ndani ya shimo gesi ni kifo. Huioni kwa macho, na nyingine haina harufu. Mtu akiteremka shimoni anaweza kuzirai mara moja.

Je, mwenzako akitumbukia utafanya nini? Moyo utakuambia uruke umtoe. Usiruke! Watu wengi hufa hivyo: wa kwanza anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa, wote wawili hawatoki. Lala kifudifudi mbali na ukingo, au shika kitu imara. Mwite kwa sauti. Mtupie kamba ajifunge au aishike. Watu wengi wavute pamoja. Huku nyuma mtu mwingine apige simu kuomba msaada. Usiwashe kiberiti wala mwenge ili kutazama ndani ya shimo.

6. MAJENGO NA MASHINE

Jengo la korona ni kubwa na linavutia. Kila mtu hutaka kuingia. Lakini tazama juu kabla ya kuingia. Je, mabati yananing'inia? Je, mbao zimeliwa na mchwa? Je, ukuta una ufa mpana? Ukiona mojawapo, tazama kutoka nje. Usipande ngazi za chuma zenye kutu. Usisimame chini ya paa wakati wa upepo.

Majengo mengine ya zamani yameezekwa kwa asibesto. Asibesto inafanana na bati la saruji, rangi yake ya kijivu. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi makubwa baada ya miaka mingi. Usivunje vipande vyake, usivikanyage, wala usivichukue nyumbani kuezekea banda la kuku.

Mashine iliyosimama usiiguse. Gurudumu zito laweza kuzunguka likisukumwa kidogo, na mnyororo wa zamani waweza kukatika. Mzee wetu alitunyoshea mkono wake wa kushoto. Kidole kimoja hakikuwapo. Kilikatwa na mashine wakati anaondoa uchafu. Alisema: "Ilikuwa imezimwa. Lakini ilikuwa haijasimama."

Kama shamba bado linafanya kazi, jihadhari zaidi. Simama mbali na mashine. Funga vizuri ncha za khanga, shuka, kilemba au buibui. Usivae shanga ndefu. Nguo ikishikwa na mashine, mwili hufuata. Tazama pia reli ndogo za vitoroli. Usikalie reli kupumzika.

Mtu akikatwa, chukua kitambaa safi, kandamiza jeraha kwa nguvu bila kuachia, na mpeleke hospitali.

7. NYOKA, NYUKI NA MOTO

Nyoka hupenda mashamba ya mkonge, kwa sababu humo mna kivuli na panya. Pitia njia iliyo wazi. Usitie mkono ndani ya tundu, chini ya mawe, au katikati ya majani ya mkonge.

Mtu akiumwa na nyoka, mlaze na kumtuliza. Asitembee. Mvue pete na bangili kabla mkono haujavimba. Funga kiungo kilichoumwa pamoja na kipande cha ubao, kama mnavyofunga mfupa uliovunjika, ili kisitikisike. Mbebeni hadi hospitali upesi. Usichanje jeraha. Usinyonye sumu. Usifunge kamba ya kukaza ili kuzuia damu. Mambo hayo huongeza madhara. Pia usipoteze muda kumfukuza nyoka.

Nyuki hukaa katika matangi matupu na chini ya paa. Wakikuvamia, funika uso na kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari. Usisimame kuwapiga. Aliyeumwa akivimba midomo au kushindwa kupumua, mpeleke hospitali bila kukawia.

Moto ni adui mwingine. Majani makavu ya mkonge na katani huwaka upesi. Usivute sigara shambani. Usipike chai kwa kuni karibu na mkonge au ghala.

Mwisho, usinywe maji ya visima vya zamani, hata yakionekana safi. Kunywa maji mliyokuja nayo.

8. TUSIVUNJE, TUSICHUKUE

Usalama ni pamoja na heshima. Mahali hapo watu walifanya kazi, walizaa, waliugua na walikufa. Karibu na makambi ya zamani ya manamba mna makaburi. Mengine hayana jina, yana mawe tu, au mti mmoja uliopandwa. Mwulize mwenyeji yako wapi. Msipite juu yake.

Usichukue chuma kwenda kuuza. Kwanza ni mali ya mtu. Pili, anayeng'oa chuma ukutani anaweza kuangukiwa na ukuta. Tatu, chuma kikiisha, watoto wetu wataona nini? Reli ndogo ile ndiyo inayoonyesha jinsi babu zao walivyosukuma vitoroli.

Ukitaka kupiga picha ya mtu au ya kiwanda, omba ruhusa kwanza.

9. MANENO YA KWENYE VIBAO

Soma maneno haya kwa sauti, mara tatu. Kisha funika kitabu, uyaandike.

HATARI
USIINGIE
SHIMO REFU
HAKUNA RUHUSA KUPITA
UMEME – USIGUSE
USIVUTE SIGARA
MAJI HAYA SI YA KUNYWA

Kibao chenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili maana yake ni kifo. Hata kama maneno yake yamefutika, rudi nyuma.

Ukikuta kibao kimeanguka, kisimamishe palipo salama, au mweleze mwenyeji. Utakuwa umemsaidia mtu usiyemjua.

MASWALI

1. Miche mingapi ya mkonge ilifika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai? Ilipandwa wapi?
2. Kwa nini vibarua wa mkonge waliitwa manamba?
3. Mwalimu katika kisa alifanya makosa gani? Taja mawili.
4. Nyasi za kijani kibichi wakati wa kiangazi zinatuonya nini?
5. Mwenzako ametumbukia shimoni. Kwa nini usiruke kumfuata? Utafanya nini?
6. Taja mambo matatu ambayo hatupaswi kumfanyia mtu aliyeumwa na nyoka.

TUZUNGUMZE

Je, katika kijiji chenu yako mahali pa zamani palipoachwa? Huenda ni shamba, kiwanda, kisima au mgodi. Nani anajua hatari zake? Je, watoto wanachezea huko?

KAZI YA KIKUNDI

Mwendeeni mzee mmoja anayepajua mahali hapo. Mwombeni awaonyeshe hatari zote kutoka mbali. Kisha tafuteni ubao na rangi, mwandike kibao kwa herufi kubwa. Kisimamisheni mbele ya shimo, kwa idhini ya uongozi wa kijiji.

Yule mama wa kisa chetu alirudi kijijini kwake akafanya hivyo. Nyuma ya shule palikuwa na kisima cha zamani kisichotumika. Aliandika kibao mwenyewe. Herufi zake zilipinda kidogo, lakini kila mtu aliweza kuzisoma. Mwezi uliofuata uongozi wa kijiji ulikifukia kisima hicho.

Ndugu msomaji, soma kibao, soma ardhi, mwulize mwenyeji. Kisha nenda ukaone kazi ya wazee wetu, urudi salama uwasimulie wengine.